Kompyuta Zinazowaka Upesi Kuliko za Callistus

Jumatatu, 3 Machi
Callistus wa saiba ya ng'ambo ya barabara, anayekodisha kompyuta na intaneti kama mimi, anatangaza kwamba kompyuta zake zinawaka kabla dereva wa lori hajazima injini. Majivuno! Zangu zinajikokota, nakubali. Lakini Alhamisi Mama Akwii, wakala wa mizigo ya mpakani, anakuja kukagua. Anatafuta saiba moja ya makarani wake wote, wajaze na kutuma fomu za forodha. Lazima nimpate!

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri. Ndani ya mfumo kuna kiini, wataalamu wanakiita kerneli. Ndicho kinachoijulisha kompyuta kibodi na mausi. Changu kinajua vifaa vya dunia nzima! Usukani wa michezo. Kalamu ya kuchorea. Nani anacheza gari hapa Malaba, na malori yamejaa nje? Nimefanya kama forodha: kila kifaa kijieleze. Kisicho na kazi hapa, hakipiti.

Kibodi na mausi za USB nazo nje. Za mezani kwangu ni za zamani, za plagi ya duara, hazijawahi kuniangusha. Mke wangu Nanjala aliuliza kama nimeangalia kompyuta zile nyingine, za wateja. Nikamwambia chai imepoa.

Jumatano, 5 Machi
Kerneli tayari. Kompyuta yangu imewaka kabla sijakaa vizuri! Nimeinakili kwenye zote, nikafuta ya zamani nisije nikashawishika. Raha tupu. Nimekula samaki mzima peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Akwii kaja na makarani. Zote zikawaka, upesi ajabu. Akatabasamu. Zikaomba nenosiri. Karani akabonyeza. Kimya. Mausi nayo imekufa. Karani akanigeukia:

"Boss, sasa hapa tutaandika na nini?"

Nikachomoa kibodi yangu, nikageuza kompyuta yao niichomeke. Hakuna hata tundu moja la duara! Callistus akaja na flashi, akarudisha kerneli ya zamani kila mahali. Eti jirani ni jirani. Najua alikuja kupeleleza.

Mama Akwii ni mtu mwema. Amesema atanijaribu tena Jumatatu, mara ya mwisho. Roho imetulia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefikiri. Mama hakulalamikia kasi hata kidogo. Alilalamikia nyaya za mtandao chini ya meza za wateja, nusura zimwangushe. Kompyuta yangu hupokea mtandao wa hewani kwa kiantena chake, haina waya wowote. Za wateja hazina kiantena, lakini kompyuta ni kompyuta. Basi waya una kazi gani?

Nimerudi kwenye kerneli. Kibodi za USB nimeziruhusu, mimi si mjinga. Mtandao wa waya nimeuondoa, kwenye kompyuta zote. Zinawaka upesi kuliko juzi! Jumatatu makarani watatuma fomu huku wakishangaa.