Ramani Yenu Nyekundu na Posa ya Vivian

Kwa Mheshimiwa Balozi,
Nchi yako unaijua mwenyewe.

YAH: SHIKA ADABU KUPAKWA RANGI NYEKUNDU

Salamu zikufikie pamoja na heshima zake zote. Mimi ni Matthew Mwarandu, mfyatua matofali ya simiti hapa Shika Adabu, Likoni. Binti yangu Vivian amechumbiwa na kijana wa nchi yako. Wazazi wa kijana wamefika Kenya kuleta posa, wako hotelini Shanzu, na hawatoki. Wamesoma ilani yenu kwamba Likoni hapakanyagiki kwa sababu ya magaidi. Posa ni Jumamosi. Wasipokuja hakuna posa, na bila posa hakuna harusi. Binti analia, mama yake halali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ramani. Shanzu mmeipaka kijani, Likoni nyekundu. Aliyeichora nadhani anaamini gaidi akifika kwenye feri ya kuvukia upande wa pili hurudishwa. Mheshimiwa, feri yetu mtembea kwa miguu halipi hata senti. Gaidi fukara kuliko wote atavuka bure, na abaki na nauli ya kumfikisha Shanzu.

2. Hesabu. Mlipuko uliotokea huku kwetu, uliowafanya mtupake nyekundu, ulifanywa na mtu mmoja. Ule uliofuata katika mji wenu mkuu, watu watatu. Kwa hesabu ya darasa la pili mmetuzidi mara tatu. Lakini kiongozi wenu alitokea kwenye televisheni akawahimiza wananchi watoke wakanywe kahawa, kwani kuishi kama kawaida ndiko kuwashinda magaidi. Nilimpenda sana. Mke wangu Florence, anayeuza mahamri barazani, ndiye aliyeniharibia: "Yaani kahawa yao ni ushujaa, na mahamri yangu ni kujitia kitanzi?" Jibu naomba ulitoe wewe.

3. Polisi wetu walipozoa vijana kule Chaani na kuwafungia bila mashtaka, ofisi yako ilitangaza kwamba ina wasiwasi mkubwa. Nilipiga makofi, maana mmoja wao ni Nguma, fundi wangu, na kosa lake ni ndevu. Baada ya mlipuko wenu, nanyi mkapitisha sheria ya kuwafungia watu bila mashtaka, mkaiita hatua za muda. Serikali yetu, ile ile iliyowaambia msituingilie, nayo ikatangaza kwamba ina wasiwasi mkubwa. Sasa mnatiana wasiwasi wakubwa kwa wakubwa, na wenye ndevu wa huku na wa kule wote wako ndani.

4. Wazazi wa kijana wamependekeza posa ifanyike kwa simu, tuonane kwenye kioo. Kwetu wazee wa mume huja nyumbani kwa mke, huketishwa, huulizwa wanatafuta nini, nao hujieleza kana kwamba sisi hatujui. Mzee Kiponda, msemaji wetu, aliposikia habari ya simu alisimama: "Na mnazi wa posa watatumiminia wapi, Mwarandu? Humo ndani ya kioo?"

Kwa hivyo naomba Shika Adabu iwe kijani Jumamosi, saa nne hadi saa kumi tu. Wageni wakishavuka kurudi, ipakeni mnavyotaka. Ikishindikana, nitatoa ilani yangu: mkazi yeyote wa Shika Adabu asikanyage mji wenu mkuu ila kwa shughuli za lazima. Tena tutawatuma waangalizi wawili, Mzee Kiponda na Florence, waje wakague mnavyowatendea washukiwa wenu na kuwapa alama. Kiponda hajawahi kumpa mtu zaidi ya nne kwa kumi. Viza zao utaziharakisha.

Nisalimie walioko ubalozini wote, walinzi wa langoni, na yule mwenye brashi ya rangi.

Ni mimi, mkwe wenu nikijaliwa,
Matthew Mwarandu

Nyongeza: Mwanangu Brian naye amepata mchumba, binti wa Kisauni, ng'ambo ya feri, na baada ya posa ya Vivian ni zamu yetu sisi kupeleka posa. Nimewaarifu wakwe kwamba Kisauni hatuendi, waje wao huku na binti yao. Mimi Kisauni sijawahi kufika, lakini niliyoyasikia ya vijana wa mapanga yananitosha. Wakiendelea kushikilia desturi, naomba mtuazime lile gari la ubalozi lisilopenywa na risasi. Tuko watu tisa, lakini tutabanana.