Kuku wa Aketch

Jumatatu, 3 Juni 1996

Mpango unaiva. Wiki ya tatu sasa nawaambia wateja wangu wa suruali za mitumba pale soko la Toi kwamba Aketch, mwimbaji wa Kawangware, anaimba kama mtu anayefukuza kuku. Uongo mtupu. Sauti ile ikipanda, nasahau hata chai iliyo mkononi. Lakini mwezi wa nne niliomba nipige chupa ya soda katika bendi yake, akasema hana nafasi. Basi, akikosolewa atatafuta msaada. Msaada ni mimi. Gatwekera nzima, mtaani kwetu Kibera, hakuna anayekwaruza chupa kwa msumari kunishinda. Majirani ni mashahidi, wameniomba niache.

Jumatano, 5 Juni

Shiundu, mpiga besi wa Aketch, amekuja kibandani. Alisema Aketch amesikia maneno ya kuku na ametunga wimbo wa kumjibu huyo msemaji. Nikauliza kwa uchungu ni nani mwenye roho mbaya hivyo. Akasema hawamjui, ila akijulikana asikanyage karibu na bendi.

Halafu, habari! Wimbo huo unataka chupa. Niende Jumamosi mchana, ukumbini Kawangware, nipige nao mbele ya watu. Nikiweza, nimeingia bendini.

Nimeota jambo hili miaka sita. Kazi iliyobaki ni kufunga mdomo siku tatu.

Jumamosi, 8 Juni

Nilifunga mdomo siku tatu kasoro dakika kumi.

Ukumbi ulijaa. Waliniweka kando ya ngoma. Gitaa mbili zikaanza kufukuzana, besi ya Shiundu ikatembea chini yake polepole, nami nikakwaruza. Nilikwaruza vizuri, Mungu anajua. Kisha Aketch akafungua kinywa: mlisema nafukuza kuku, mbona kuku wamerudi, wamejaa uwanjani, wanacheza? Hakutukana mtu. Aliimba akitabasamu, na kila mstari ukanipata kifuani. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Na kimetoka kwangu!

Ikafika zamu ya pakruok. Sisi watu wa ziwa hatuwezi kuacha wimbo upite bila kujisifu ndani yake. Bendi ikashusha sauti. Mzee mmoja akasimama, akajisifu yeye, mkewe na ng'ombe wao waliobaki nyumbani. Wakampigia makofi. Mwingine akajisifia viatu. Viatu! Mimi mwenye wimbo nimekaa kando na chupa.

Aketch akauliza kwenye maikrofoni huyo mtu wa kuku yuko wapi leo. Alikuwa anatania tu.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, Gerishon, mwana wa Seline, fahali wa Gatwekera, niliyesema maneno ya kuku, na bila mimi wimbo huu haungekuwepo.

Makofi hayakuja. Shiundu aliacha kupiga besi. Aketch alinitazama, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaja, akachukua chupa na msumari mikononi mwangu, akaurudia ubeti ule huku akikwaruza mwenyewe. Ukumbi mzima ukaimba naye, wakininyooshea vidole. Alikwaruza kunishinda. Nililia kidogo, nusu kwa aibu, nusu kwa utamu.

Jumatatu, 10 Juni

Shiundu amerudisha msumari wangu. Amesema nisikanyage tena. Chupa amebaki nayo Aketch.

Inauma. Nilikuwa nimeingia tayari.

Hata hivyo wimbo umefika Kibera kabla yangu. Asubuhi kina mama kwenye kibanda cha maji Mashimoni waliuimba, wakaniona, wakalia kama kuku. Niliwapungia mkono. Mbona wao hawajaimbwa?

Nimefikiri sana, nimeona nilipokosea. Kukosoa mara moja hakutoshi. Mteja wa kwanza leo nimemwambia Aketch anakwaruza chupa kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Atajibu tu, na wimbo wa pili hautapigwa kwa chupa. Nimeshanunua kayamba.