Maître Fadhili Amesafiri

Théo Lumbala alikuwa kwenye benchi la nyuma la mahakama, mahali pake pa kila Jumanne, alipoona jambo la kumfurahisha roho. Papa Assumani, muuza vitenge mwenye asili ya Maniema, aliingia na uso wa mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nyuma yake akaingia Mama Mujinga, mke wa sajini, aliyechoka kuishi kule Base, kambi ya jeshi, akanunua kiwanja mjini Kamina. Naye alikuwa na uso uleule. Walikuwa wanashtakiana wao kwa wao: choo cha Mama Mujinga kilikuwa kimeingia hatua mbili ndani ya kiwanja cha Assumani, au hakikuingia, inategemea nani anapima.

Nyuso mbili za ushindi, kesi moja. Théo akajiambia kwamba harusi yake imesogea. Baba wa mchumba wake Exaucée alikuwa amekata maneno: mbuzi wanane, tena majike, ndipo atamtoa binti. Théo alikuwa na sita nyuma ya nyumba yake karibu na reli. Bado wawili.

Niwaeleze alivyowapata wale sita, maana kazi yake mwenyewe aliiheshimu sana. Hakuwa wakili, hakuwa karani, na shule ya sheria aliijua kwa kupita mbele yake. Aliwaambia watu kwamba anatumwa na Maître Fadhili, wakili mkubwa ambaye hakuna aliyewahi kumwona, mwenye njia ya kumfikishia hakimu mbuzi. Alichukua mbuzi kwa upande huu, akachukua kwa upande ule, kisha akakaa kimya kabisa. Hakimu akihukumu, lazima mmoja ashinde. Aliyeshinda, mbuzi wake amekwenda, yaani amebaki kwa Théo. Aliyeshindwa anarudishiwa wake mpaka mlangoni, anaambiwa hakimu amekataa, na anashukuru kwa uaminifu. Hakimu mwenyewe hata harufu ya mbuzi hakuipata. Kwa hiyo haki ilitendeka vizuri tu, bila Théo kuisumbua.

Kesi ilipopangiwa siku nyingine, alianza na Assumani, pembeni mwa uwanja wa mahakama.

"Papa Assumani, ile kesi yako iko nzito."

"Nzito namna gani? Choo iko mu kiwanja yangu. Hata mutoto anaona."

"Mutoto anaona, lakini mutoto haiko juge wa kuhukumu. Maître Fadhili anasema Madame Juge anapenda mbuzi mwanamuke, ile itazaa."

Assumani akakuna kidevu, jioni akaleta mbuzi. Mama Mujinga alikuwa mgumu zaidi.

"Na kama nashindwa?"

"Mama, ukishindwa, mbuzi yako inarudi na miguu yake yote nne."

"Basi weye ni muntu muzuri."

"Banasemaka vile," akajibu Théo, akashika kamba.

Sasa, hakimu huyo alikuwa mpya, mama mfupi mwenye miwani, na alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: alipenda kujionea kwa macho. Siku ya kesi, wenye maneno hawajamaliza hata kukohoa, akafunga dosye, faili la kesi. "Twende tukaone choo," akasema. Mahakama nzima ikaondoka kwa miguu: karani, polisi, wenye kesi, na sisi wengine tusiokuwa na kazi.

Choo chenyewe, niseme ukweli, kilikuwa kizuri. Bati jipya, mlango wa mbao na kufuli. Hakimu akauliza ni nani anayekitumia. Safi, mke wa Assumani, akasema polepole kwamba yeye na watoto wanaingia humo kila siku, kwa sababu cha kwao kilianguka na mvua, na Mama Mujinga huwaachia ufunguo.

"Na Papa Assumani?" hakimu akauliza.

Assumani akatazama bati. "Hata minyi naingia, mara moja moja."

Tulicheka mpaka polisi akatugeuzia mgongo naye acheke. Kabla ya saa sita wamepatana: choo cha wote, ukuta ubaki, Assumani apake chokaa. Karani akaandika. Théo, kule nyuma ya watu, alikuwa akihesabu kwa vidole. Kesi isiyo na mshindwa haina mtu wa kurudishiwa kitu. Mbuzi wanane kamili.

Tatizo ni kwamba Assumani alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuagana na mtu bila kuulizia zawadi aliyomtumia. Akainama kidogo. "Madame Juge, tunakushukuru. Na ile mbuzi yangu, ilifika muzuri? Inapendaka chumvi."

"Mbuzi gani?"

"Pengine anataka kusema ile yangu," akaingilia Mama Mujinga, "ile ya madoadoa."

Hakimu akavua miwani. Aliwagombeza wote wawili mpaka wakaangalia viatu vyao, akawaambia kwake haki haiombwi kwa mkia wa mnyama. Ndipo akauliza nani aliyewabeba hao mbuzi. Vidole viwili vikaenda nyuma ya watu.

Théo hakutetemeka, tumpe sifa yake. "Madame Juge, minyi niko mutumishi tu. Ile mbuzi yote ni ya Maître Fadhili. Alisafiri Lubumbashi. Minyi njo naichunga."

Hakimu alimtazama sana. Mimi nasema alijua palepale. "Vizuri," akasema. "Karani, andika. Mbuzi wote walioko kwake ni vielelezo vya mahakama, na yeye ndiye mlinzi wao. Asiuze, asichinje, asimpe mtu. Kila Jumanne atawaleta tuwahesabu, mpaka Maître Fadhili atakaporudi. Akipungua mmoja, mlinzi atalala gerezani."

Basi Kamina ikapata burudani. Kila Jumanne Théo alipita sokoni na koti lake jeusi, mbuzi mbele, watu wakiulizia safari ya Maître. Mbuzi wale walikula majani, wakala maganda ya mihogo, wakala kola ya shati lake la harusi. Kisha wakaanza kuzaa, na kila mtoto aliandikwa. Mwezi wa kumi na moja walikuwa kumi na sita.

Exaucée alivumilia, kisha akachoka. "Théo, ungekuwa mu gereza ningekungojea. Muntu wa gereza anajulikana siku ya kutoka. Weye na ile mbuzi, siku gani? Papa anauliza, na Fils, ule wa kuuza dawa ku pharmacie, naye anauliza kunioa. Jumanne unaniletea tarehe, ao basi."

Jambo hilo lilimchoma kweli, kwa sababu alimpenda. Jumanne akasimama mbele ya hakimu, macho mekundu.

"Madame Juge, Maître Fadhili njo minyi. Nilidanganya. Munihukumu leo."

"Maître Fadhili ni wakili. Wewe ni wakili?"

"Apana, Madame Juge. Njo nasema..."

"Basi wewe si Maître Fadhili. Una mashahidi?"

Théo akawageukia Assumani na Mama Mujinga, akawaomba wamwambie hakimu kwamba yeye ni mwizi.

"Siwezi kumusemea muntu bongo, maneno ya uongo," akasema Assumani. "Nilitoa mbuzi moja, leo iko tatu, tena zilinona. Mwizi anafanyaka vile?"

"Ni muntu muzuri," akasema Mama Mujinga. "Ku nyumba yangu hata majani hakuna. Abaki nazo tu."

Hakimu akaandika kidogo. "Ushahidi hautoshi. Kesi imeahirishwa."

Exaucée, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, alimsogelea karani akauliza imeahirishwa mpaka tarehe gani. Karani akamwambia hakuna tarehe. Akachukua mkoba wake, akatoka polepole kuelekea upande wa pharmacie. Théo alitaka kumkimbilia, akafika mpaka mlangoni. Pale mlangoni walikuwa mbuzi kumi na sita, na polisi akamkumbusha kwamba mlinzi haruhusiwi kuwaacha peke yao.