Miguu ya Wafula Inatoka Nje

Jamani, leo nimejiaibisha mpaka nimerudi nyumbani na njia ya nyuma.

Mnakumbuka kile kitanda nilichowaringia hapa wiki jana? Chenye maua yamechongwa kichwani? Ndiyo, hicho. Picha nimezifuta.

Mume wangu Wafula ni mrefu (mlango wa jikoni yeye huinama kama anaingia kuomba). Ndiyo maana alienda kwa fundi mwenyewe, akalala juu ya mbao, akapimwa. Kitanda kikaja. Miguu ikatoka nje! Tukavumilia siku nne. Leo asubuhi amegeuka kidogo tu, ubao wa chini ukapasuka, pu! Jirani wa chini akagonga dari lake na ufagio.

Wafula akataka twende wote kulalamika. Nikakataa. Wafula akienda kulalamika hurudi ameomba msamaha na kununua kitu kingine.

"Wewe kaa hapo kwa kochi," nikamwambia. "Leo naenda mimi."

Nikavaa dera jeusi (ndilo lililokuwa limekauka), leso kichwani, kipande cha ubao mkononi, nikashika njia kutoka Buruburu. Kwa huyo fundi sikuwa nimewahi kufika. Nilichojua ni kibanda cha mabati ya kijani, Jogoo Road. Kumbe vya kijani viko viwili, vimeshikana kama mapacha!

Nikaingia cha kwanza. Mzee mmoja alikuwa mlangoni anapiga randa, maranda yamemfika magotini. Kwenye benchi walikaa mama mzee na vijana wake wawili, kimya kabisa. (Nikafikiri, hata hawa wamekuja kulalamika.) Sikusalimia. Mimi! Mwalimu wa watoto kanisani!

"Mzee, nyinyi mna utu kweli?" nikaanza. "Mume wangu mlimpima, na bado miguu inatoka nje!"

Fundi akaweka randa chini. Akavua kofia.

"Pole sana, mama."

Nikajua nimemweza. Nikapandisha sauti.

"Pole haitoshi! Siku nne amelala humo amejikunja kama mtoto!"

"Siku nne? Kumbe bado hamjasafiri?"

"Tusafiri twende wapi? Na leo asubuhi amegeuka kidogo tu, ubao ndio huu, umepasuka. Akaanguka chini!"

"Yesu wangu," akasema mama mzee.

"Amegeuka?" fundi akauliza, polepole.

"Amegeuka! Kwani mtu hawezi kugeuka?"

Fundi akawatazama wale vijana. Wale vijana wakatazama viatu vyao.

"Na saa hii... yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa kochi. Atakaa hapo mpaka mtengeneze kingine."

"Kwa kochi! Na watoto je, mama?"

"Wako naye, wanaangalia katuni."

Fundi akanishika mkono kama mtu anayeshika yai. Akaniuliza kama kuna mtu wa familia tunaweza kumpigia simu. Au pasta, akasema, hata pasta ni sawa. Mama mzee akainuka, machozi yanamtoka, akanikumbatia.

"Mwanangu, hata mimi nimekataa kuamini. Lakini lazima umwache aende."

"Aende wapi? Leo hayuko kazini!"

Hapo ndipo, nikiwa kifuani mwa huyo mama, niliangalia ndani ya kibanda kwa mara ya kwanza. Masanduku. Marefu. Yamepangwa moja juu ya jingine, na vishikio vinang'aa. Moja lina kidirisha cha kioo upande wa kichwa.

Majeneza, jamani. Nimekuja kugombania kitanda kwa fundi wa majeneza!

Na kabla sijapata neno la kwanza la kujieleza, mlango ukaingia giza. Mtu mrefu ameinama anachungulia ndani.

"Mama Tasha! Umesahau risiti!"

"Huyu ni nani?" fundi akauliza.

Na mimi, kwa akili zangu zote, nikajibu:

"Ndiye huyo mume wangu."

Kijana mmoja akaruka benchi. Wa pili akajificha nyuma ya mama yake. Fundi akarudi kinyumenyume mpaka akakanyaga ndani ya ndoo ya vanishi. Naye Wafula, mtu wa adabu zake, akanyoosha mkono awasalimie. Hakuna aliyeupokea!

"Ni kitanda!" nikapiga kelele. "Nilikuwa naongea kuhusu kitanda!"

Mabega ya mama mzee yakaanza kutetemeka. Nikasema basi, nimemliza tena. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akarudi kukaa, akajifuta macho na leso, wanawe nao wakashikwa, fundi naye, mguu bado uko kwenye ndoo.

"Tangu mzee wangu aondoke Jumanne sijacheka," akaniambia. "Na yeye alikuwa mtu wa utani. Hii angeirudia mwaka mzima."

Halafu akamwita Wafula karibu, akamshika mkono, akakaa ameushika kidogo, kama anahakikisha una joto.

Yule fundi wetu wa kitanda alikuwa amesikia yote kupitia mabati. Akaja amejishika mbavu. Jamani, nilikuwa nimejipanga na maneno ya moto njia nzima, lakini hata moja sikulikumbuka. Akakubali mwenyewe kwamba ule ubao ulikuwa mbovu. Ila urefu, akasema, tumuulize Wafula. Siku ya kupimwa alilala amekunja magoti.

"Sikutaka kumchafulia mbao na viatu," Wafula akasema.

Siku nne namlaani fundi wa watu!

Tumekubaliana. Kingine kitakuja Jumamosi, kirefu, cha mbao nene, na safari hii nitashikilia futi mwenyewe. Mama mzee ameniomba niende mazishini. Nitaenda.

Saa hizi nimemwambia Wafula aoshe vyombo. Amelala kwa kochi, macho amefumba, mikono ameikunja kifuani, anasema mtu wa hali yake haoshi vyombo. Watoto wako sakafuni, hawajiwezi.

Tafadhali msicheke. Mnampa nguvu.