Sauti ya Baba Upande wa Pili

Jumatatu, 2 Juni 2025
Tumepangua sanduku la marehemu Baba, nyumbani Ganako. Chini kabisa, santuri ya Kijerumani ya mwaka 1982. Jalada jeusi, picha ya bomba la moshi. Baba alisomea ufundi wa mitambo huko Ujerumani, lakini hakuwahi kutusimulia kitu. Mama akasema haijui, niiweke popote. Nitaiweka panapofaa! Wilson, dereva mwenzangu wa watalii, hupewa wageni wote wa Kijerumani kwa sababu anaijua lugha. Sasa mimi nina muziki wao.

Jumanne, 3 Juni
Tobiko, fundi redio wa sokoni, ndiye mwenye gramafoni. Tukajaribu upande wa kwanza. Kinanda cha umeme, halafu nyundo, halafu kitu kama mashine ya kusaga iliyomeza mawe. Tobiko akazima haraka, akidhani sindano imevunjika. Nikamweleza kuwa Ulaya ndivyo wanavyocheza. Upande wa pili sikuusikiliza. Wa nini? Nimewaalika wageni wa Wilson hapo kwa Tobiko, Alhamisi mchana.

Alhamisi, 5 Juni
Wamekuja, wazee watupu. Nyundo zilipoanza, mmoja akaziba masikio. Nikacheza peke yangu, kuwatia moyo. Wilson alicheka mpaka akashika ukuta. Nikageuza santuri ili kujiokoa.

Nyundo hazikuwepo. Ikatoka sauti ya kijana, kwa Kiswahili chetu: "Blandina, huku baridi haina huruma. Mashine hazilali. Nikirudi nitakuimbia." Kisha akaimba kidogo, akicheka katikati.

Blandina ni Mama. Kumbe ni Baba! Sikuwahi kumsikia akiimba, hata kanisani. Wilson akavua kofia, akawatafsiria wageni polepole. Bibi mmoja wa Kijerumani akasoma maandishi ya jalada, Wilson akatafsiri: wanamuziki walirekodi kiwandani, mashine upande wa kwanza, sauti za vijana wa mafunzo upande wa pili. Kisha bibi akanishika mkono. Nikachukua santuri, nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 6 Juni
Nimempelekea Mama santuri, pamoja na gramafoni ya kuazima. Alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi. Ilipokwisha akasema, "Huyo ndiye kijana aliyeniaga. Aliyerudi alikuwa mwingine."

Nikamuuliza walimfanya nini huko. Akasema hata yeye hakuambiwa, na kwamba aliendelea kumsubiri miaka yote, wakila meza moja. Akaomba nirudie. Nikarudia mpaka giza likaingia. Akaniomba santuri isitoke tena ndani ya nyumba. Nikaapa.

Jumapili, 8 Juni
Hatimaye mgeni wa Kijerumani, wangu mwenyewe! Mama alikuwa kanisani. Nikawaza, mgeni akiisikia hadithi ya Baba na kuishika santuri, atanisifu kwa bosi. Nikaiweka mbele ya usukani, juu ya dashibodi. Ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano lenye wanyama, ukungu mtupu; chini jua kali. Mgeni alitaka faru tu. Tulipopanda kurudi, santuri ilikuwa imejikunja kama chapati.

Mama hakunigombeza. Aliiweka kwenye gramafoni hivyo hivyo. Sindano ikaruka, ikaruka, isitamke hata jina lake. Bado amekaa pale, mkono juu ya mfuniko. Afadhali angenitukana.

Lakini nimepata wazo. Santuri ni plastiki, na plastiki hunyooka kwa joto. Kesho Mama akienda shambani, nitaipiga pasi.