Mashine ya Maji ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Mikono ya Baba inatetemeka. Jana birika lilimponyoka, nusura ajiunguze. Sasa kila akitaka chai anamwita dada yangu dirishani, naye anavuka ua mbio kuja kumchemshia. Hapo ndipo anaponizidi kete. Baba amekwisha sema chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, atampa anayemtunza. Mimi nakitaka nifungue duka la kinyozi.
Nimepata dawa. Mashine ya mezani, inachuja maji na kuyatoa ya moto papo hapo. Baba ajihudumie. Dada abaki na dirisha lake.

Jumanne, 4 Machi
Dukani. Muuzaji kanionyesha mbili. Moja inaunganishwa na bomba la jikoni, maji yanaingia yenyewe. Ya pili ina tangi, mtu anamimina kwa jagi kila siku. Mume wa dada alijitia kunisindikiza. Akasema kwa mzee tuchukue ya bomba, fundi atakuja keshokutwa.
Ndiyo maana nikachukua ya tangi. Sichaguliwi kitu na shemeji mimi. Isitoshe, ina taa ya buluu. Muuzaji akauliza nani atakuwa anajaza tangi. Nikamwambia mimi, kila asubuhi, bila kukosa. Nikajiona mtoto mwema kwelikweli.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Baba kabonyeza, maji yakatoka yakifuka, miwani ikajaa mvuke. Dada alisimama mlangoni akitazama, kisha akarudi kwake. Hakuitwa tena siku nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita kujaza tangi. Baba kakaa mbele ya mashine, vikombe viwili mezani, kimoja hakijaguswa. Akasema, "Dada yako haji siku hizi."
Nikamwambia ndiyo raha yenyewe, hakuna wa kusumbuliwa. Chai ya kile kikombe ilikwisha poa, nikaimwaga.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi sikwenda. Nilikuwa kwa fundi vioo, nachagua vioo vya kinyozi. Saa sita simu ikalia. Dada. Baba kakutwa sakafuni jikoni, jagi limepasuka, maji kila mahali. Nyonga imevunjika. Alikuwa amelala pale tangu asubuhi. Dada anasema alikuwa amezoea kutoitwa, hata masikio hakuyatega.
Nikasema sakafu ile ina utelezi. Si uongo.

Jumatano, 19 Machi
Tumemzika jana. Daktari kasema ni mapafu, wazee wakilala sana huishia hivyo. Kumbe kule wodini Baba alishamwambia dada chumba cha mbele ni chake, mbele ya shemeji na nesi.
Dada hakunisema. Bora angenisema. Shemeji kaniletea mashine ndani ya boksi lake. Hawaitaki.

Alhamisi, 20 Machi
Nimelia mpaka kichwa kinauma. Halafu nikakaa, nikawaza, na kosa nimeliona. Lile jagi. La kioo, zito mno kwa mzee. La plastiki lingemfaa.
Jioni nikapita kwa mjomba. Anaishi peke yake, nyumba nzuri ya kona, hana mtoto. Jirani yake, mama mmoja mchangamfu, humchemshia maji kila asubuhi na kukaa naye kidogo. Nimemwambia mjomba amwache huyo mama apumzike.
Kesho nampelekea mashine.