Fulana ya NIMEACHA

(Uwanja wa malori nyuma ya soko la Emali. Langoni pana karai la bluu. Tangu asubuhi kila anayeingia anatumbukiza humo sigara zake, kwa maana ilitangazwa kanisani na sokoni kwamba atakayetoa sigara atapewa dawa ya kutafuna ya kumsaidia kuacha. Mgeni wa heshima alitarajiwa saa tatu. Sasa ni saa nane, na ndipo anasimama.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli ya leo, ambaye ni makamu wangu. Mheshimiwa Mweka Hazina, ambaye ni shemeji yangu na ametuma salamu. Wachungaji, maaskofu, na wale ambao wako njiani kuwa maaskofu. Machifu, manaibu wa machifu na wazee wa vijiji. Wawakilishi wa wenye malori, wenye pikipiki na wenye mikokoteni. Akina mama wa kwaya, ambao mmesimama juani kwa kuwa viti tulivyo navyo ni vya itifaki. Wageni wetu wa kutoka Sultan Hamud. Mabibi na mabwana. Na wewe kijana uliye juu ya lori, shuka: itifaki yote imezingatiwa. Nawasalimu kwa Kikamba: Mwi aseo?

(Umati: "Ii!")

Sijasikia. Mwi aseo?

(Umati, kwa uchovu: "Ii!" Sauti moja nyuma: "Dawa kwanza!")

Asanteni kwa mapokezi hayo ya moyoni. Kwa jina naitwa Mhandisi Kisilu Munyao, Mwenyekiti wa Kanda ya Kitui na Makueni wa Mpango Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kuachana na Sigara, na nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata wenzangu ofisini huusifu nikiwa nipo, ili nizindue rasmi Kituo cha Kanda cha Kuachisha Sigara, hiki mnachokiona nyuma yangu, ambacho baadhi yenu, kwa kukosa uzoefu wa miradi, mmekuwa mkikiita kontena.

(Mwanamke mmoja: "Si hiyo ni ya Wangui wa vitunguu?" Kicheko.)

Kwa Mama Wangui tutafika. Kila kitu kiko kwenye programu.

Ndugu zangu, tatizo la sigara ni kubwa, ni pana, na linagusa kila sekta. Utafiti wetu wa awali, yaani baseline survey, ulionyesha kwamba kati ya wavutaji wote wa kanda hii, asilimia mia moja wanavuta. Takwimu hiyo ilitushtua. Kamati yangu haikukaa ikaangalia. Tulifunga safari ya mafunzo katika nchi mbili za ng'ambo, tukakutana ana kwa ana na watu ambao hawavuti, tukawauliza wanafanyaje, nao wakatueleza kwa uwazi kwamba hawavuti. Tukarudi na roadmap, yaani ramani ya njia. Halafu, ili tusionekane tunathamini mambo ya nje tu, tukafanya kikao cha ndani pale Kiboko, tukachambua mapengo, tukaainisha changamoto, tukala mbuzi, na azimio likapitishwa kwa kauli moja kwamba mkutano mwingine ufanyike.

(Makofi kutoka kwenye viti vya itifaki. Turnboy mmoja, utingo wa lori: "Mheshimiwa fupisha, watu wako na arosto!")

Nimemsikia huyo kijana, na namshukuru kwa kutumia istilahi sahihi. Arosto ni nini? Arosto ni ile hali ya mvutaji kukosa sigara kwa muda, mikono ikatafuta kitu cha kushika, jasho likatoka, hasira ikapanda kwa jambo dogo, kama vile hotuba. Wataalamu wanatuambia hamu hiyo huja kwa nguvu, lakini ukiivumilia dakika chache hupita. Ndiyo sababu Mpango wetu umejengwa juu ya nguzo, na naomba mniruhusu nizitaje moja baada ya nyingine.

(Umati: "Aaai!")

Nguzo ya kwanza ni kuahirisha. Hamu ikija, usiikatae, iahirishe. Mwambie mwili wako, si sasa, baadaye kidogo. Na katika suala la kuahirisha, wananchi, hakuna ofisi katika kanda hii yenye tajriba kama yangu. Mnakumbuka uzinduzi huu ulikuwa ufanyike kabla ya mvua. Ile ya mwaka juzi.

Nguzo ya pili ni maji. Mvutaji anayeacha anywe maji mara kwa mara. Maji hayo yatapatikana hapa hapa kituoni katika awamu ya pili, baada ya kisima kuchimbwa, na kisima kitachimbwa baada ya barabara ya kupitisha mtambo wa kuchimba kisima, na barabara iko kwenye maono.

Nguzo ya tatu ni kuvuta pumzi ndefu. Hapa nina furaha kubwa kuwaarifu kwamba hewa tayari ipo. Sehemu hiyo ya mradi imekamilika, tena kabla ya wakati.

(Makofi ya itifaki. Mgeni wa heshima anageuka kando, anatoa kikopo kidogo mfukoni, anapeleka kidole puani. Anapiga chafya kwenye kipaza sauti. Kwaya inaruka. Sauti kadhaa: "Ugoro! Ni ugoro!")

Samahani. Ni vumbi. Na nimesikia watu wakitaja ugoro, kwa hivyo naomba nifafanue ili vyombo vya habari visipotoshe, ingawa sijaona chombo chochote cha habari. Ugoro si sigara. Ugoro ni utamaduni. Babu zetu waliutumia kwenye harusi, kwenye mahari, na kwenye kusuluhisha mashamba. Ugoro hauna moshi, na kitu kisicho na moshi, kwa mujibu wa ufafanuzi uliopitishwa na kamati ninayoiongoza, kwa hoja niliyoileta mwenyewe, hakiwezi kuitwa uvutaji. Mimi sijawahi kuvuta. Tuendelee.

Nguzo ya nne ni kushughulisha mikono na mdomo, na hapa ndipo inapoingia ile dawa ya kutafuna.

(Umati unasimama. Wengine wanaanza kupanga foleni.)

Kaeni. Kaeni, wananchi. Wenye viti, kaeni; wasio na viti, kaeni kwa roho. Dawa haiwezi kutangulia ushuhuda. Sisi ni watu wa kanisa na tunajua utaratibu: anatangulia mtu aliyefunguliwa, anashuhudia, ndipo sadaka. Kwa hivyo namwita mnufaika wa kwanza wa Mpango huu, mtu ambaye maisha yake yamebadilishwa kabisa na kituo hiki tunachokifungua leo. Aliteuliwa pale langoni asubuhi kwa ushindani mkali, kwa kuwa ndiye aliyetoshea fulana. Mpigieni makofi. Ndugu, geuka wakuone mgongo. Imeandikwa NIMEACHA, kwa herufi kubwa. Shika kipaza sauti, sema jina lako, na uwaambie jinsi Mpango ulivyokusaidia. Kwa ufupi.

(Mwanamume wa makamo anapanda jukwaani. Anachukua kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Mimi naitwa Mutisya, naziba pancha hapo kwa malori, mnanijua. Mheshimiwa, mimi sijaacha. Hii tisheti nimevalishwa tu. Nilikuja ndio niache."

Kicheko. Yeye hacheki.

"Msichana yangu Mutindi ako na pumu. Tunakaa nyumba ya chumba moja. Wiki iliyopita ilimshika vibaya mpaka midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza hospitali. Daktari akanusa shati yangu, akauliza nani anavuta kwa hii nyumba. Mimi nikanyamaza. Mtoto ako na ile kitu ya kupumua kwa mdomo, akaitoa, akasema, ni baba, lakini anajaribu kuacha. Mheshimiwa, sikuwa najaribu. Alinitetea bure. Nilisikia aibu, sijawahi kusikia aibu kama hiyo. Sasa ndio najaribu, na nimeshindwa kila siku. Ikifika saa ya chai mkono inaenda kwa mfuko yenyewe. Kanisani wakatangaza leta sigara upewe dawa. Nimeleta pakiti nzima, nimeweka kwa karai. Nimekaa hapa tangu asubuhi, mwili yote inaniwasha, na ninaogopa kurudi nyumbani hivi. Naomba hiyo dawa, Mheshimiwa. Ni hiyo tu."

Mama mmoja wa kwaya: "Pole, Baba Mutindi." Kipaza sauti kinarudishwa.)

Ushuhuda mzito sana. Hiyo ndiyo tunaita feedback, yaani mrejesho, na ofisi yangu imeipokea. Mmesikia wenyewe: ndugu Mutisya amesema amekaa tangu asubuhi. Na tangu asubuhi amevuta ngapi?

(Umati: "Hakuna!")

Na nyinyi, mlioacha sigara langoni, mmevuta ngapi?

(Umati, polepole: "Hakuna...")

Basi mradi unafanya kazi! Wapinzani wetu walisema nachelewa. Sikuchelewa. Nilikuwa Nguzo ya kwanza. Kuchelewa kwangu, viti vichache, maji kukosekana, na hotuba hii ninayoitoa bila kujali afya yangu, yote hayo kwa pamoja yamewafanya mamia ya wananchi kukaa saa nyingi bila moshi, jambo ambalo hakuna dawa ya kutafuna iliyowahi kulifanya hapa Emali. Nitaliandikia ripoti.

(Turnboy: "Sawa, lakini dawa iko wapi?" Mutisya ameshuka. Syombua, muuza chai aliye jirani na kibanda cha Mutisya cha kuziba pancha, anamvunjia kijiti cha mswaki na kumwekea mkononi: "Tafuna hii kwanza, Baba Mutindi. Kunywa na maji." Mutisya anatafuna akiangalia chini.)

Naomba utulivu kule kwa wauza chai. Nakaribia mwisho, na mwisho ni shukrani.

Namshukuru kwa dhati Mama Wangui, mama mchapakazi aliyekuja kutoka Kirinyaga akatutajirishia mji kwa vitunguu, kwa kutuazima Kituo cha Kanda hadi saa kumi kamili, na nawaomba mkitoka msiegemee ukuta, kwa kuwa ndani yake amepanga magunia.

(Wangui, kutoka chini ya mwavuli: "Saa kumi, Mheshimiwa! Lori yangu imeshafika!")

Saa kumi, mama. Nawashukuru washirika wetu wa maendeleo, ambao mara tu watakapopatikana tutawatangaza. Nawashukuru washauri nasaha wote walioajiriwa chini ya Mpango huu, na ningewaomba wasimame, kama wangekuwa wameajiriwa. Naishukuru dawa yenyewe ya kutafuna, ambayo ingekuwa hapa nasi leo kama mtu angeiagiza, na kwa hilo hakuna wa kulaumiwa, maana kila mwanakamati alidhani ni mwenzake.

(Minong'ono. Kiti kinaanguka.)

Utepe hatutaukata. Tutaufungua fundo, taratibu, na kuukunja, kwa sababu kesho asubuhi tunazindua kituo kingine kule Kitui, na utepe ni huo huo. Karai nalo ni la mke wangu. Kwa hivyo, kwa moyo wa uwazi na uwajibikaji, natangaza kwamba kila mwananchi yuko huru kupita langoni na kuchukua tena sigara zake, kwa foleni, wazee na akina mama kwanza, ili karai liende likiwa safi.

(Foleni inaundwa haraka kuliko foleni yoyote ya siku hiyo. Viberiti vinasikika.)

Na sasa kaulimbiu, mkiwa mmesimama, maana naona mmesimama. Nikisema "Makueni bila moshi!" mnasema "Inawezekana!" Makueni bila moshi!

(Umati, kwa moshi: "Inawezekana!" Kikohozi.)

Kitui na Makueni, mapafu safi!

("Inawezekana!")

Asanteni sana, Mungu awabariki, na muwe na... Hebu kidogo. Naambiwa kuna pakiti moja imebaki kwenye karai. Nzima, haijafunguliwa. Mwenyewe ni nani? Mwenyewe ajitokeze, tunataka kupakia karai garini.

(Syombua anaelekeza kidevu chake upande wa barabara. Mutisya anavuka, mswaki mdomoni, mikono yote miwili ameikunja kifuani kana kwamba anashikilia mtu asimtoroke.)

Ndugu Mutisya! Pakiti yako! Hutaki? Basi, mwandishi wa kumbukumbu, andika: mafanikio, mtu mmoja. Lakini fulana! Ndugu, hiyo fulana haiendi nyumbani! Kesho inavaliwa Kitui! Mzuieni huyo mtu, hiyo ni mali ya Mpango, tena imeandikwa uongo, wewe mwenyewe umesema hapa mbele ya watu kwamba hujaacha!

(Mutisya anageuka akiwa ng'ambo ya barabara. Anatoa mswaki mdomoni ili asikike.

"Nikishindwa nitairudisha, Mheshimiwa.")